Malaria Inapopanda Kichwani: Kutoka Degedege hadi Vidonge vya Kwale

Mtoto aliyeshinda na homa anakakamaa ghafla, macho yanapinduka, povu linamtoka. Waswahili huita hali hiyo degedege. Wamijikenda wengi huiita nyuni, na wazee wao waliihusisha na ndege wa kishetani anayempitia mtoto. Kuanzia Diani hadi Lunga Lunga, huko Kwale katika pwani ya Kenya, kwa vizazi vingi mganga alitafutwa kabla ya daktari, na akina mama wengi waliogopa kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa wameshazimia, wakadungwa, na wakafariki muda mfupi baadaye.

Si kila degedege ni malaria ya ubongo, kwani homa yoyote kali inaweza kumtingisha mtoto mdogo. Lakini degedege inapofuatwa na kuzimia, na damu ikawa na vimelea vya malaria, hatari ni kubwa mno. Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuitandaza protini yake kwenye ngozi ya chembe hiyo. Protini hiyo huinasisha chembe kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo. Chembe hurundikana, damu hupita kwa shida, kuta za mishipa huvuja. Kimelea chenyewe hakiingii katika nyama ya ubongo. Madhara yote huyafanya kutoka ndani ya mishipa. Mwaka 2015, watafiti wa Blantyre, Malawi, wakiongozwa na Terrie Taylor, walionyesha kwa picha za MRI kwamba watoto wengi waliokufa walikuwa na ubongo uliovimba sana. Uvimbe huo hukandamiza sehemu inayoongoza pumzi.

Pwani ya Kenya ilichangia pakubwa kuujua ugonjwa huu. Mwaka 1989 kituo cha utafiti cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) kilianzishwa Kilifi, na humo Kevin Marsh, Charles Newton na wenzao Wakenya wakawafuatilia watoto mahututi kitanda kwa kitanda. Kazi hiyo ilileta pia funzo chungu. Madaktari walifikiri kwamba wakizuia degedege mapema kwa dawa ya fenobabito, wataunusuru ubongo. Jaribio la Kilifi lililochapishwa mwaka 2000, lenye watoto 340, lilionyesha kuwa degedege zilipungua kweli, lakini vifo viliongezeka: asilimia 18 ya waliopewa dawa walifariki, dhidi ya asilimia 8 ya wasiopewa. Kabla ya hapo, mwaka 1982, utafiti wa Thailand ulikuwa umeonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ilirefusha muda wa kuzimia badala ya kuufupisha.

Kilichookoa maisha ni kukiua kimelea haraka. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na kwinini. Mwaka 2010, jaribio kubwa lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, lilithibitisha kwamba sindano ya artesuneti hupunguza vifo kwa zaidi ya humusi moja ikilinganishwa na kwinini. Ndiyo inayotumika leo. Hata hivyo, vimelea vyenye usugu kiasi dhidi ya jamii hii ya dawa vimeshaonekana Rwanda, Uganda na Tanzania, kwa hiyo hatuwezi kuitegemea peke yake.

Ndipo kinga inapokuwa sehemu ya tiba ya ubongo. Jaribio la vyandarua vyenye dawa huko Kilifi, lililochapishwa mwaka 1996, lilipunguza vifo vya watoto kwa theluthi moja na malaria kali kwa asilimia 44. Msambweni nako, wajawazito waliofuatiliwa kliniki kati ya mwaka 1996 na 2010 walionyesha kupungua kwa malaria kwa kiasi kikubwa. Lakini mbu nao wanabadilika: wengine huuma mapema, watu wangali barazani, na wengine wamezoea dawa ya chandarua.

Kwa sababu hiyo Kwale ikachaguliwa kwa jaribio la BOHEMIA. Baadhi ya wakazi walimeza ivermektini mara moja kwa mwezi, kwa miezi mitatu mfululizo, na wengine, kwa ulinganisho, wakapewa albendazoli, dawa ya minyoo inayofahamika shuleni. Ivermektini humuua mbu anayefyonza damu ya aliyeimeza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, juu ya kinga ya vyandarua. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2015 iliwaheshimu kwa pamoja Tu Youyou wa China, aliyegundua artemisinini, chanzo cha artesuneti, na William Campbell na Satoshi Ōmura, waliogundua dawa iliyozaa ivermektini. Dawa zote mbili sasa zinakutana katika vita vya mtoto wa Kwale.

Bado kuna deni kwa wale walionusurika. Uchunguzi wa Kilifi na Uganda umeonyesha kwamba sehemu kubwa yao, takriban mmoja kati ya wanne, hubaki na udhaifu wa kumbukumbu, lugha au mwendo, na wengine hupata kifafa. Fenobabito, iliyokuwa hatari kwa dozi kubwa ya dharura, ikipimwa vizuri kila siku humtuliza mtoto mwenye kifafa na kumrudisha darasani. Kwa hiyo mtoto aliyelazwa kwa malaria ya ubongo asiruhusiwe kutoka wodini bila tarehe ya kurudi kliniki, na mwalimu aelezwe yaliyompata. Historia hii inatufundisha kwamba ubongo huokolewa zaidi kabla ya kuugua, na uliougua haufai kutupwa.