Hilali za Mraba na Hilali za Pembesita: Tathmini ya Kosa Linalohusishwa na Hippocrates wa Chios

Kutafuta eneo lililotiwa kivuli ni zoezi la kawaida katika Hisabati ya sekondari. Hata hivyo, katika karne ya 5 KK zoezi hilo lilibeba swali zito: je, eneo lililozungukwa na mistari ya mviringo laweza kulingana kikamilifu na eneo la mistari iliyonyooka? Mwanajiometri wa Kiyunani, Hippocrates wa Chios, alithibitisha kwamba yapo yanayolingana.

Ujenzi anaohusishwa nao, ukielezwa kwa umbo zima, huanza na mraba ndani ya duara. Juu ya kila upande huchorwa nusuduara kuelekea nje. Sehemu za nusuduara zinazobaki nje ya duara huwa na umbo la mwezi mchanga, yaani hilali. Mraba wenye upande wa sm 10 una eneo la sm² 100. Duara lina eneo la 50π, na nusuduara nne kwa pamoja zina 50π vilevile. Mraba ukijumlishwa na nusuduara hizo, kisha duara likaondolewa, hilali nne hubaki na sm² 100 kamili. Pai imejifuta.

Katika pembesita sawa yenye upande huohuo hali ni tofauti. Eneo lake ni 150√3, duara lina 100π, na nusuduara sita zina 75π. Kwa hiyo hilali sita zina 150√3 – 25π. Kwa maneno mengine, pembesita ni sawa na hilali sita pamoja na duara moja ambalo kipenyo chake ni upande wa pembesita.

Hapa ndipo lawama ilipozuka. Kwa mujibu wa Alexander wa Aphrodisias, Hippocrates alichukulia kwamba, kwa kuwa hilali za mraba zina mraba unaolingana nazo, hilali za pembesita nazo zinao. Hivyo duara lililobaki lingepatiwa mraba wake. Hoja hiyo ni batili, kwa sababu tao la ndani la hilali ya mraba ni robo ya duara, ilhali la pembesita ni sehemu moja ya sita.

Simplicius, katika karne ya 6 BK, alihifadhi pia maelezo ya Eudemus, mwanafunzi wa Aristotle. Humo Hippocrates anatenganisha hilali ambazo tao lake la nje ni nusuduara, kubwa kuliko nusuduara, au dogo kuliko nusuduara. Ni vigumu kukubali kwamba mtu aliyezipambanua hilali kwa matao yake angechanganya aina mbili zilizo wazi kiasi hicho. Ushahidi wa Eudemus, kwa hiyo, unadhoofisha lawama hiyo.

Mwaka 1882 Ferdinand Lindemann alithibitisha kwamba pai si kipeo cha mlinganyo wowote wa aljebra wenye vizigeu vya namba nzima. Basi duara haliwezi kupatiwa mraba wake kwa rula na bikari. Mwanafunzi anayetumia 3.14 tangu mwanzo hupata 100 na takribani 181.3, namba mbili zisizoonyesha tofauti yoyote ya asili. Akiiacha π hadi hatua ya mwisho, huiona tofauti iliyokuwa kiini cha mjadala huo.