Korntal: Kijiji cha Ujerumani ndani ya historia ya Kiswahili

Ukiingia darasani uulize ni nani aliyeandika sarufi ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa, mikono itainuka haraka. Krapf! Mjerumani! Sasa endelea kidogo: Mjerumani wa wapi? Hapo kimya. Nimelijaribu swali hili kwa miaka kadhaa na jibu ni lile lile, wanafunzi wakitazamana na mmoja akinong'ona, "Berlin?"

La hasha. Johann Ludwig Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, kando ya mto Steinlach, mwendo wa miguu tu kutoka mji wa Tübingen. Wakati huo hapakuwa na dola moja iitwayo Ujerumani. Ilikuja kuundwa 1871. Palikuwa na falme na miliki nyingi, na kijiji chake kilikuwa chini ya Mfalme wa Württemberg, kusini magharibi. Mwenzake Johannes Rebmann alizaliwa 1820 katika ufalme huo huo, kijijini Gerlingen karibu na Stuttgart. Jakob Erhardt, aliyewafuata Rabai 1849, naye alikuwa mtu wa Württemberg. Kwa hivyo tunaposema "Wajerumani" hao, tunazungumza juu ya watoto wa vijiji vichache vilivyo karibu karibu, wote wakitumwa na shirika la Kiingereza, Church Missionary Society.

Lakini kijiji ninachotaka tukitembelee leo ni kingine. Kinaitwa Korntal, na jina lenyewe si fumbo: Korn ni nafaka, Tal ni bonde. Bonde la Nafaka. Kiko kaskazini magharibi mwa Stuttgart, kwenye ukingo wa Strohgäu, nchi ya mashamba yenye udongo laini wenye rutuba. Mtu wa Trans Nzoia angeitazama ardhi ile na kuielewa papo hapo.

Chanzo cha Korntal ni njaa. Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia, na majivu yake yakaipoza anga ya dunia kiasi kwamba mwaka 1816 haukuwa na kiangazi Ulaya. Mazao yaliharibika na watu wa Württemberg wakaanza kufunga virago kwa maelfu kwenda Urusi na milima ya Kaukasia. Wengi wao walikuwa Wapietisti, Wakristo waliosisitiza uchaji wa moyoni na usomaji wa Biblia nyumbani, na ambao hawakupendezwa na mabadiliko yaliyoletwa na kanisa la ufalme. Gottlieb Wilhelm Hoffmann, meya wa Leonberg, alimwendea Mfalme Wilhelm wa Kwanza na hoja nyepesi: wape watu hawa mahali pa kuishi na kuabudu watakavyo, nao watabaki. Mfalme alikubali. Mwaka 1819 jumuiya ilinunua shamba kubwa la Korntal, ikajenga ukumbi wa ibada, ikajiendeshea mambo yake ya kanisa bila kuamriwa kutoka Stuttgart.

Kijiji kikaundwa ili watu wasiondoke! Na bado kikawa makao ya watu waliokuwa wameondoka mbali kuliko wote.

Krapf alitoka Mombasa 1853 akiwa mgonjwa, akiwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga pwani ile 1844. Alifanya makazi Korntal. Kitabu chake cha safari za Afrika Mashariki alikichapisha kwa gharama zake mwenyewe 1858, na jina la Korntal lipo kwenye jalada la ndani. Aliwahi kurudi kwetu, mathalani 1862 alipowasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, lakini kila mara alirejea kwenye Bonde lake la Nafaka. Huko ndiko alikoiandaa kamusi yake kubwa. Alifariki Novemba 26, 1881. Kamusi ikatoka London mwaka uliofuata.

Rebmann yeye alikaa Rabai na Mombasa tangu 1846 hadi 1875 bila kurudi Ulaya hata mara moja. Alipoondoka alikuwa kipofu, na katika safari hiyo aliongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa Rabai. Naye akaenda Korntal, kwa rafiki yake wa zamani, na huko akafa Oktoba 4, 1876. Mwaka 1877 Krapf akaichapisha kamusi ya Rebmann ya Kiniassa, lugha ambayo leo tunaiita Chichewa. Maneno yake Rebmann aliyapata Mombasa kutoka kwa mtumwa aitwaye Salimini, aliyetoka nchi ya Ziwa Nyasa. Ningependa jina hilo liandikwe ubaoni pamoja na yale mengine mawili. Bila Salimini hakuna kamusi.

Sasa utauliza, mwalimu, kijiji kina uhusiano gani na lugha? Mimi naona upo. Waswabia, watu wa eneo hilo, nyumbani huzungumza lahaja yao na huandika Kijerumani sanifu. Penye "ist" wao husema "isch"; nyumba ndogo kwao si "Häuschen" bali "Häusle". Mtu aliyelelewa hivyo anajua toka utotoni kwamba lugha ya mama yake si ile ya vitabu, wala si makosa. Krapf alipofika Mombasa alikuta watu wasemao "ndia" na "mato" pale ambapo Unguja husema "njia" na "macho". Hakuwasahihisha. Alikifanya Kimvita msingi wa kazi yake, akaamini ndicho kinachofaa kuandikwa. Sidai kwamba Uswabia ndio sababu pekee. Alifikia Mombasa na huko ndiko alikojifunzia. Lakini sikio lake lilikuwa tayari.

Hata tahajia yake ina lafudhi ya kwao. Sarufi yake ya 1850, iliyopigwa chapa pale pale Tübingen, inasema "Kisuaheli". Kwa Mjerumani herufi w husomeka kama v yetu, kwa hiyo u ilikuwa salama zaidi. Rabai Mpya kwake ni "Rabbai Mpia".

Historia haikumfuata. Mkutano wa Mombasa wa 1928, katika mji wenyewe wa Kimvita bwana, uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1925 Binns alikuwa ameshaipanga upya kamusi ya Krapf, na 1939 ile ya Johnson ikachukua nafasi ya mbele. Korntal nayo iliunganishwa na jirani yake Münchingen 1975, na leo wakazi wake hupanda treni kwenda kazini Stuttgart. Krapf na Rebmann wamezikwa huko.

Ninapokwama kwenye neno la utenzi wa zamani wa Mombasa ambalo kamusi za sasa hazina, bado ile ya 1882 ndiyo ninayoifungua kwanza. Mara nyingi neno lipo.