Pumu ya ngozi: ngozi ilianza, au kinga?

Mwaka 2026 unatimiza miaka 20 tangu maabara ya Irwin McLean, mjini Dundee, Uskoti, itoe matokeo yaliyowagawa mabingwa wa pumu ya ngozi. Yanafaa kukumbukwa, maana bado wapo wazazi wanaoambiwa kuwa mtoto wao ana damu chafu.

Jina la kitabibu la ugonjwa huu lilitolewa mwaka 1933 na Fred Wise na Marion Sulzberger wa New York. Mwaka 1986, Tim Mosmann na Robert Coffman wa California walionyesha kwamba seli T saidizi za panya ni za aina mbili, kila aina na saitokini zake, yaani protini ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo. Aina ya pili hutoa intalukini-4, inayochochea mzio. Wengi wakaridhika: kinga ndiyo yenye kosa, ngozi inaumia tu.

Watu wa Dundee walikuwa wakichunguza ugonjwa mwingine, ngozi kavu ya magamba inayorithiwa. Wakakuta jeni ya filagrini, protini inayokaza tabaka la juu la ngozi, imeharibika. Kumbe kasoro hiyohiyo ilikuwa kwa wagonjwa wengi wa pumu ya ngozi, na takriban Mzungu mmoja kati ya kumi anayo. Ndipo ikazuka kambi ya "ngozi kwanza": ukuta ukibomoka, vizio hupenya na kinga huitika. Tena tangu 2002 ilijulikana kuwa ngozi yenyewe hutoa saitokini iitwayo TSLP, ambayo kupitia seli za ulinzi huzielekeza seli T kwenye mzio.

Kambi ya "kinga kwanza" haikunyamaza. Mwaka 2007 kikundi cha Donald Leung, Denver, kilionyesha kwamba intalukini-4 na intalukini-13 hupunguza filagrini katika seli za ngozi. Kwangu hili ndilo jibu zito zaidi, kwa sababu linaifanya seli T kuwa mbomoaji pia.

Tiba nayo ikafuata njia hiyo ya kinga: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dupilumab, dawa inayozuia kazi ya saitokini hizo mbili, iliyoanza kuuzwa kwa dola 37,000 kwa mwaka.

Na Waafrika? Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2014 haukukuta kasoro hizo za jeni kwa wagonjwa wa Kixhosa, ingawa mabaki ya filagrini kwenye ngozi zao yalikuwa machache. Kwangu, swali la nini kiliipunguza filagrini hiyo linastahili fedha na haraka ileile iliyopewa jeni za Wazungu.