Nani huiamsha Linux umeme ukirudi?

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Hapa Kaliua reli ya kati inagawanyika: kutoka Tabora njia ni moja, ikifika hapa moja inakwenda Kigoma, nyingine Mpanda. Linux nayo iliwahi kuwa na njia panda zake, na ziliwasumbua sana mafundi.

Ukiwasha kompyuta ya Linux, ipo programu moja inayotangulia, namba 1. Hiyo ndiyo huamsha huduma zote: mtandao, kanzidata, tovuti. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, huduma isiyoandikishwa hubaki imelala mpaka fundi aje. Na huku kwetu fundi yuko mbali!

Tatizo ni kwamba kila ukoo ulikuwa na desturi yake ya kuandikisha. Red Hat walitumia amri ya chkconfig. Debian walikuwa na update-rc.d. Slackware ulibadili ruhusa ya faili ndani ya /etc/rc.d, basi.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitupatia Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mwaka huohuo ikazaliwa Ubuntu kutoka Debian, na CD zake zikawa zinatumwa bure kwa posta. Safi sana. Ila fundi aliyefundwa kwa Red Hat akiweka CD ile, chkconfig haioni.

Mwaka 2006 Ubuntu wakaleta Upstart. Njia ya nne hiyo! Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaanzisha systemd. Fedora wakaipokea 2011, Debian wakaichagua 2014 baada ya mabishano makali, Ubuntu wakafuata 2015. Waliokataa wakajitenga na Debian, wakaunda Devuan.

Waliokataa walikuwa na hoja: faili za zamani ulizisoma mwenyewe mstari kwa mstari, na systemd imejitwisha kazi nyingi mno. Hata hivyo mimi nasimama na systemd. Kijana wa Kaliua akijifunza systemctl mara moja, anahudumia Fedora, Debian na Ubuntu.

Angalizo: "start" huamsha huduma sasa hivi tu, "enable" ndiyo huiandikisha iamke kila mashine inapowashwa. Ukimaliza, zima mashine uiwashe tena, ujionee kabla TANESCO hawajakata. Tuko pamoja.