Mbayuwayu Huenda Wapi?

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapokaribia, mbayuwayu hufika kwetu makundi makundi. Wasomaji wetu wote wamewaona: hukaa mstari mmoja juu ya nyaya, huruka chini chini juu ya majani wakikamata wadudu, nao hunywa maji ya mto bila kutua. Kisha, mwezi wa tatu na wa nne, hutoweka. Leo wako, kesho nyaya ni tupu.

Nilipokuwa mtoto nilimwuliza babu yangu: «Babu, ndege hawa wanakwenda wapi?» Akanijibu: «Mjukuu wangu, umekwisha kuona kiota chao?» Nikasema hapana. Wako mbayuwayu wengine, wenyeji wa kwetu, ambao hujenga viota vya udongo chini ya paa zetu. Lakini hawa wanaokuja kwa makundi sikuwaona kujenga hata siku moja. Basi akasema: «Asiyezaa hapa ana kwao anapozalia. Hawa ni wageni.»

Babu hakusoma kitabu. Lakini baadaye, nilipokuwa seminari, nilishangaa kusikia kwamba neno hilo moja liliwasumbua wenye elimu wa Ulaya kwa muda wa miaka elfu mbili. Napenda kuwasimulia habari hiyo, kwa maana inatufundisha jinsi ukweli unavyopatikana.

Wenye elimu walipokosa

Katika Ulaya mambo ni kinyume cha kwetu. Kule mbayuwayu hutoweka baridi inapokaribia, na hurudi mwezi wa nne, wakati miti inapochipua. Majira hayo huitwa machipuko. Watu humfurahia mbayuwayu wa kwanza, kwa sababu ni dalili kwamba baridi imekwisha. Hujenga kiota zizini au chini ya paa, hulea makinda yake, kisha huondoka. Basi watu wa kule waliona kiota, lakini hawakujua ndege alikaa wapi wakati wa baridi. Sisi tulimwona ndege wakati huo, lakini hatukuona kiota. Kila upande ulikuwa na nusu ya habari.

Aristoteli, mwenye hekima wa Wagiriki, alijua vema kwamba ndege wengine husafiri mbali. Lakini juu ya mbayuwayu aliandika kwamba baadhi yao hujificha mashimoni wakati wa baridi. Mwaka 1555 Olaus Magnus, Askofu mkuu wa Uppsala katika Uswidi, aliyekuwa akiishi Roma mbali na nchi yake, alitoa kitabu kikubwa juu ya watu wa kaskazini. Humo alieleza kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya maziwa, na kwamba wavuvi huwatoa kwa nyavu. Akatia na picha ya wavuvi wakivuta wavu wenye samaki na ndege pamoja.

Tusiwacheke upesi. Kabla ya kuondoka, mbayuwayu hukusanyika jioni kwa maelfu, nao hulala katika matete kando ya maji. Mtu aliyewaona jioni wakishuka kwenye matete, na asubuhi asione hata mmoja, aliweza kudhani kwamba wamezama. Kosa halikuwa kuona vibaya. Kosa lilikuwa kumaliza habari bila kuwauliza walio mbele ya njia.

Mashahidi wa kwanza

Mwaka 1749 kijana mmoja Mfaransa, Michel Adanson, alisafiri kwa merikebu kwenda Senegali. Mwezi wa Oktoba, karibu na pwani ya Afrika, mbayuwayu walitua juu ya merikebu yake, naye akawatambua kuwa ni wale wa Ulaya. Alipokaa Senegali aliona kwamba ndege hao hupatikana huko wakati wa baridi ya Ulaya tu, na kwamba hawajengi viota. Ndiyo hoja ile ile ya babu yangu: asiyezaa hapa ana kwao. Adanson aliiandika, lakini wengi hawakumsadiki.

Katika Uingereza kulikuwa na padri wa Kianglikana, Gilbert White, aliyekaa katika kijiji cha Selborne na kuandika habari za ndege wa kijiji chake siku kwa siku. Ndugu yake, John, alikuwa padri wa askari huko Gibraltar, mahali ambapo Ulaya na Afrika zinakaribiana sana. John alimwandikia kwamba ameona kwa macho yake mbayuwayu wengi mno wakivuka bahari ile nyembamba, wakati mmoja kwenda kusini, wakati mwingine kurudi kaskazini. White alimsadiki ndugu yake. Hata hivyo hakuacha kabisa kudhani kwamba wengine hubaki wamejificha mashimoni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1789. Dhana ya zamani ni kama mzizi wa mti: waweza kuukata, nao huchipua tena.

Wakati huo huo, katika jimbo la Norfolk, bwana mmoja aitwaye Robert Marsham alikuwa na desturi ndogo. Tangu mwaka 1736 aliandika kila mwaka tarehe za dalili za machipuko: ua la kwanza, jani la kwanza, mbayuwayu wa kwanza. Yeye na White wakaandikiana barua juu ya mambo hayo. Alipokufa, watoto na wajukuu wake waliendelea na daftari lile mpaka mwaka 1958. Zaidi ya miaka mia mbili katika jamaa moja! Hakuna aliyewalipa. Waliandika walichokiona, na siku waliyokiona, basi.

Mkuki uliotoka Afrika

Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz upande wa kaskazini wa Ujerumani, mtu alimpiga risasi korongo mweupe. Walipomwokota waliona ajabu. Shingoni mwake mlikuwa na mkuki mwembamba wa urefu wa karibu sentimeta 80, umepita upande huu na kutokea upande wa pili. Wakauchunguza, nao haukuwa wa Ulaya. Ulikuwa wa Afrika ya kati.

Fikirini, wasomaji. Mwindaji mmoja Mwafrika, ambaye hatutalijua jina lake kamwe, alimlenga korongo kando ya maji. Mkuki ukaingia, lakini ndege hakufa. Akavuka jangwa na bahari akiwa na mkuki shingoni, akafika kwao wakati wa machipuko. Mwindaji yule alidhani amepoteza mawindo yake. Kumbe alikuwa ametuma barua Ulaya! Korongo huyo alikaushwa, naye amehifadhiwa katika Chuo kikuu cha Rostock. Baadaye wengine kama yeye walionekana pia.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nusu mbili za habari kushikamana katika mwili mmoja. Lakini mkuki haukusema ulitoka kijiji gani, wala ndege alipita njia gani. Ili kuijua njia yote, walihitajiwa mashahidi wengi, kila mmoja mahali pake.

Mwalimu wa Minnesota

Mtu aliyejua kuwakusanya mashahidi alitokea ng'ambo ya bahari, katika Marekani. Kule nako ndege huhama: wakati wa baridi hushuka kusini, na wakati wa machipuko hupanda kaskazini wakifuata bonde la mto mkubwa Mississippi. Wells Cooke alikuwa mwalimu kijana katika shule ya wenyeji wa asili wa nchi ile, huko White Earth, Minnesota. Mwaka 1881, alipokuwa na miaka 23 hivi, alianza kuwaomba watu wa bonde lile wamwandikie: kila ndege ameonekana mara ya kwanza siku gani?

Jambo lilikuwa rahisi, na ndiyo sababu lilifaulu. Mkulima, mwalimu, mama wa nyumbani, hata walinzi wa minara ya taa pwani, wote waliweza kujibu. Mwaka 1883 wenye elimu ya ndege wa Marekani walianzisha chama chao, wakaipokea kazi hiyo. Kisha serikali ikaichukua. Kila shahidi alijaza kadi: jina la ndege, mahali, siku alipoonekana mara ya kwanza, siku walipokuwa wengi, siku alipoonekana mara ya mwisho. Ilipostawi sana, watu wapata 3,000 walikuwa wakipeleka habari. Kazi iliendelea mpaka mwaka 1970, na kadi zilizokusanywa zilikuwa karibu milioni 6.

Kadi moja peke yake si kitu. Yasema tu kwamba siku fulani, kijiji fulani, mtu fulani alimwona ndege fulani. Lakini weka kadi za vijiji mia kwa kupanga toka kusini mpaka kaskazini, nawe utaona ndege wakipanda nchini siku kwa siku, kama moto unavyopanda mlima usiku. Na hapo kuna jambo la dhamiri. Kama mtu mmoja aliandika tarehe ya uongo ili aonekane amewatangulia jirani zake, aliharibu kazi ya wote. Asiyeona asiandike. Mahali patupu kwenye kadi ni afadhali kuliko tarehe ya kubuni.

Pete ndogo

Ikabaki shida moja: ndege wa aina moja hufanana. Utajuaje kwamba aliyeonekana hapa ndiye aliyekuwa kule? Mwaka 1899 Hans Mortensen, mwalimu wa mji wa Viborg katika Denmarki, aliwafunga ndege pete nyepesi za aluminiamu mguuni, zenye namba na jina la mahali. Upesi wengine wakamfuata, Wajerumani na Waingereza.

Tarehe 6 Mei 1911, bwana mmoja aitwaye John Masefield alimfunga pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake karibu na Cheadle, Uingereza. Mwezi wa Desemba 1912 mbayuwayu huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba, karibu na mji wa Utrecht katika Natal, Afrika ya kusini. Barua ikaandikwa Uingereza, nayo ikamaliza maneno ya miaka elfu mbili. Ndege wa gramu 20 hivi, uzito wa barua, alikuwa amesafiri karibu kilometa 10,000, akipita jangwa la Sahara na misitu ya Afrika ya kati.

Cooke hakupata furaha kama hiyo juu ya ndege mmoja wa nchi yake. Ni ndege mweusi afananaye na mbayuwayu, ajengaye kiota ndani ya mabomba ya moshi ya nyumba. Kadi zilionyesha vizuri alivyoshuka mpaka pwani ya kusini ya Marekani. Toka hapo alipotea kabisa. Cooke alikufa mwaka 1916 bila kujua alikokwenda. Mwaka 1944 pete 13 zilifika katika ubalozi wa Marekani mjini Lima, Peru. Zilitoka kwa wenyeji wa msituni, kando ya mto Yanayacu, waliowaua ndege hao na kuzitunza pete. Miaka sitini ya kadi haikuweza kutoa jibu, mpaka liliposikika neno la watu wa mwisho wa njia.

Kwetu leo

Kadi za zamani hazikutupwa. Kuanzia mwaka 2009 watu wa kujitolea walizinakili kwa intaneti, mmoja mmoja nyumbani kwake. Mkulima aliyeandika tarehe moja zamani zile hakujua kwamba wajukuu wa wajukuu wangeitafuta. Leo tarehe yake husaidia kuonyesha jinsi majira yanavyobadilika, kwa maana ndege wengi hufika mapema kuliko zamani. Na katika nchi nyingi za Ulaya mbayuwayu wamepungua. Kujua sababu si kazi ya Ulaya peke yake, kwa sababu miezi mingi ya mwaka ndege huyo yuko kwetu, anakula wadudu wa mashamba yetu na kulala katika matete yetu. Akikosa chakula hapa, au akinaswa kwa maelfu usiku, kiota cha kule kitabaki kitupu, na hakuna wa kule atakayejua kwa nini.

Basi nawaomba walimu wa shule zetu: tafuteni daftari moja. Mwandike humo siku mbayuwayu wanapofika na siku wanapoondoka, pamoja na jina la kijiji na la mtoto aliyewaona. Mkimwokota ndege mwenye pete, msiitupe wala msiifanye pambo. Someni namba, mwiandike, mwipeleke kwa mtu awezaye kutuma habari mahali palipoandikwa juu yake.

Babu yangu alijua nusu ya habari, na nusu hiyo ilikuwa kweli tupu. Hakuna mgeni aliyepita kumwuliza, wala yeye hakujua kuandika. Sisi twajua kuandika. Mwaka huu, nyaya zitakapokuwa tupu tena, tuandike tarehe.