Sarafu ya nyundo

Sarafu ya nyundo ni ile iliyopigwa chapa kwa mkono, kabla mashine hazijachukua kazi hiyo. Istilahi hii ni fupi na inafaa, ila isimdanganye msomaji: nyundo yenyewe haikuigusa sarafu.

Tuchukue gros tournois, sarafu ya madini ya fedha yenye uzito wa gramu 4 na ushei, aliyoitoa Mfalme Louis IX wa Ufaransa mwaka 1266. Fundi alikata kisahani cha fedha, akakilaza juu ya muhuri uliochomekwa kwenye gogo, akashika muhuri wa pili juu yake, kisha akaupiga huo wa juu kwa nyundo. Pande zote mbili zilichapika kwa mpigo mmoja. Mkono ukiteleza, picha ilikwenda upande. Muhuri ukiruka, herufi zilijirudia.

Upande mmoja una msalaba, umezungukwa na jina LVDOVICVS REX, na nje yake maneno ya Kilatini ya kulihimidi jina la Bwana. Upande wa pili una alama ya ngome na jina la mji wa Tours, na ukingoni maua 12 ya yungiyungi. Thamani yake nayo ilikuwa denier 12, yaani sou moja. Hapo ndipo ulipo uzito wa sarafu hii: kwa karne nyingi Wafaransa walihesabu kwa sou, lakini hawakuwa na sou ya kushika mkononi. Louis aliwapa.

Mfalme huyu alifariki Tunis mwaka 1270, akiwa vitani, na mwaka 1297 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Mjukuu wake, Philippe IV, alipopunguza fedha katika sarafu, watu walidai warudishiwe pesa nzuri ya Mtakatifu Louis.

Wapo watakaopendelea kusema “sarafu ya kufuliwa”. Siafiki. Kufua ni kuponda chuma mpaka kipate umbo, na hapa kisahani kilikuwa na umbo lake tayari. Kilichokosekana ni chapa. Wala kile chuma chenye picha tusikiite kalibu, maana kalibu humiminiwa madini yaliyoyeyuka. Hicho ni muhuri. Waandishi wa historia na watu wa makumbusho, tuyatumie maneno haya mawili, sarafu ya nyundo na muhuri, bila kuyachanganya na mengine.