Metali nzito zinavyodhuru mwani usioonekana

MWANI unaofahamika zaidi Pwani ni ule unaoota miambani au kukuzwa kwa kamba. Hata hivyo, upo mwani mwingine, mdogo kiasi cha kutoonekana bila hadubini, unaoelea majini. Huo ndio msingi wa chakula cha viumbe wengi wa baharini.

Mwani huu huhitaji shaba na zinki kwa kiasi kidogo mno. Zikizidi, huwa sumu. Shaba nyingi huvuruga usanisinuru, yaani utengenezaji wa chakula kwa mwanga wa jua, na kuzuia seli kugawanyika. Ndiyo sababu shaba hutiwa katika rangi zinazopakwa matumbo ya meli ili mwani usiote hapo.

Zebaki, kwa upande wake, huweza kutwaa nafasi ya magnesiamu katika klorofili, rangi ya kijani inayonasa mwanga. Kadmiamu nayo hutwaa nafasi ya zinki ndani ya vimeng'enya na kuvilemaza.

Si mwani wote hufa. Aina dhaifu hupungua na zile sugu hutawala, hivyo wanyama wadogo wanaoutegemea hubadilishiwa lishe. Aina sugu hufunga metali na kuzihifadhi ndani ya seli. Zinapoliwa, sumu huhamia kwa mlaji. Zebaki ya methili ndiyo hatari zaidi, kwani huongezeka kutoka kiumbe hadi kiumbe mpaka kwa samaki wakubwa. Mjini Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana na kula samaki na chaza wenye sumu hiyo uligunduliwa rasmi mwaka 1956.

Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa miaka ya 2000 ulionyesha kuwepo kwa risasi, zinki, shaba na kadmiamu katika mashapo ya hori za Makupa na Port Reitz, Mombasa. Kando ya Makupa, jaa la Kibarani lilipokea taka za mji kwa miaka mingi kabla ya kufungwa.

Kufunga jaa, hata hivyo, hakuondoi kilichokwisha kutua. Metali haziozi, na tope likitibuliwa huweza kurudi majini. Kwa hiyo, kupima maji pekee hakutoshi. Wataalamu hukuza mwani katika sampuli kwa saa 72 na kulinganisha ukuaji wake na ule wa maji safi. Ukidumaa, hiyo ni ishara ya hatari kabla haijafika kwenye nyavu za wavuvi.